Maendeleo na unyago vinakutana wapi? Kazi yangu ya DS

Kila nikisema nafundisha DS, yaani Development Studies, taaluma za maendeleo, watu wa rika langu wanatabasamu alafu wanasema aah, lile somo la lazima. Ndiyo, hilohilo. Aliyesoma uhandisi Mlimani, aliyesoma udaktari Muhimbili, aliyesoma kilimo Sokoine, wote wamepita kwenye DS na wengi wanachokumbuka ni ukumbi umejaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi, nadharia zenye majina marefu, na hofu ya sapu, ya kurudia mtihani. Nikiongeza kwamba kwenye utafiti wangu nahusika na ngoma na unyago wa Wazaramo, watu wa Dar na Pwani, ndo kabisa, mtu anakuangalia mara mbili, sasa hayo maendeleo na unyago vinakutana wapi? Nimeulizwa hivyo na wanafunzi, nimeulizwa na wakubwa kwenye kamati za kupitisha maandiko ya utafiti, hata shangazi zangu wameniuliza, kwahiyo leo nimekaa niandike kwa kirefu.

Nianze na DS yenyewe maana vijana wengi hawajui ilikotoka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndo hiyo Mlimani, kilianza Oktoba 1961 kikiwa na kitivo cha sheria tu, kwenye jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani 1964. Mwaka 1966 wanafunzi wakaandamana kupinga masharti ya kwenda JKT na Mwalimu akawarudisha wengi makwao, miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na Machi mwaka huohuo pakafanyika mkutano mkubwa wa kujadili chuo kikuu kwenye nchi inayotaka ujamaa kifanye kazi gani. Swali lilikuwa zito, kwamba mkulima wa pamba na katani ndo analipia hiki chuo, je, anayetoka humo anatoka kumtumikia nani? Hapo ndo yakaanza masomo ya pamoja kwa wanafunzi wote, na 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Ndo miaka ileile ambayo Walter Rodney alikuwa anafundisha historia pale, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972, kimechapwa London na hapahapa Dar na Tanzania Publishing House. Kwahiyo DS ilizaliwa na ugomvi wa kweli kuhusu nchi, haikuwekwa kujaza ratiba, na mi nikiingia darasani huwa naanza na hilo kabla ya kutaja nadharia yoyote.

Ila kuna kitu kiliachwa nje toka mwanzo. Tulifundishwa, na tukafundisha, ubeberu, matabaka, bei za mazao, mikopo, lakini utamaduni ukawa na nyumba yake kwingine. Tarehe 10 Desemba 1962 Nyerere alivyohutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri alitangaza wizara mpya kabisa ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akauliza wangapi wetu shuleni tulifundishwa nyimbo za Wanyamwezi au za Wahehe, wangapi tunajua kucheza gombe sugu au lelemama wakati rumba na chachacha tunazijua. Ni hotuba nzuri sana. Lakini baada ya pale utamaduni umekuwa ukihamishwa hamishwa kutoka wizara hii kwenda ile, mara na elimu, mara na michezo, mara na habari, na mtu wa mipango na fedha akisikia utamaduni anachofikiria ni kikundi cha ngoma cha kupokea mgeni uwanja wa ndege. Wachumi wakabaki na maendeleo, sisi wengine tukaachiwa ngoma, na kazi yangu yote kwa kweli imekuwa ni kukataa huo mgawanyo.

Mtu aliyenionyesha kwamba unaweza kuukataa na bado ukaheshimika kama mtafiti ni Marja-Liisa Swantz. Ni Mfini, alikuja Tanganyika 1952 na misheni ya Kilutheri, akafundisha walimu wa kike kule Kilimanjaro, alafu kuanzia 1965 mpaka 1970 akafanya utafiti akiishi kijijini Bunju kwa Wazaramo. Bunju unayoijua leo ni ya daladala na fremu za maduka na nyumba za kupanga, wakati ule ilikuwa kijiji cha minazi na mihogo mbali na mji. Tasnifu yake ya udaktari aliitetea Uppsala, Uswidi, 1970, inahusu matambiko na ishara za Wazaramo hasa za wanawake.

Mi nilikutana na hiyo kazi nikiwa mkufunzi msaidizi, na sitasahau nilivyoisoma usiku mzima hosteli. Nilikuta mambo ya nyumbani. Mti wa mkole ambao mwali, msichana anayechezwa unyago, anapelekwa chini yake. Mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti, kichwa na kiwiliwili bila mikono wala miguu, nywele zimechongwa kama kilemba, ambacho mwali akiwa ndani anapewa akitunze, akiogeshe, akipake mafuta kama mtoto. Bibi yangu mzaa mama, wa Maneromango, alikuwa nacho, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe ndani ya sanduku la bati na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukishika, mikono ya watu wengi kabla yake ilikuwa imekilainisha mpaka kinang'aa pale kifuani. Shuleni tuliambiwa haya ni mambo ya kishamba ya kuachana nayo. Na hapa nimeyakuta yameandikwa kwa uzito, kwamba yana mpangilio, yana maana, na mwanamke wa Kizaramo ndani yake ana mamlaka ambayo huyaoni ukienda ofisi ya kijiji.

Sitaficha kwamba iliniuma pia. Mambo ya bibi yangu nimeyasoma kwa Kiingereza kwenye kitabu kilichochapwa Uswidi, na bibi mwenyewe na rika lake hakuna aliyewahi kukiona. Wenzangu wengine wanaishia hapo, wanasema mzungu kaja kachukua kaenda zake. Mi nasema tusome na kilichofuata, kwasababu mama yule baada ya udaktari hakuendelea vilevile. Kuanzia 1972 alikuwa mtafiti pale BRALUP, ile ofisi ya chuo ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi, na hapo akaanza kusukuma kwamba mwanakijiji asiwe mtu wa kujibu dodoso tu, awe mmoja wa wanaouliza. Wanafunzi wa hapa wakatumwa kukaa vijijini, wafanye kazi na watu, wajadili nao walichokiona. Ni kipindi ambacho elimu ya watu wazima imepamba moto, Paulo Freire, yule mwalimu wa Brazil wa elimu ya ukombozi, alikuja Dar 1971, redio 1973 inapiga Mtu ni Afya na watu wamekaa kwenye vikundi wanachimba vyoo, kwahiyo wazo la kwamba mtu wa kawaida anajua kitu lilikuwa hewani. Budd Hall aliyekuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima akalibeba akalipeleka duniani, na leo ukienda chuo chochote Canada au India wanafundisha utafiti shirikishi, wachache wanajua kwamba sehemu kubwa ya mizizi yake iko hapa.

Mfano ninaoupenda kuufundisha ni utafiti wa utapiamlo Moshi, ripoti yake ilitoka BRALUP 1975. Kilimanjaro, mkoa wenye kahawa, wenye shule, wenye hospitali, watoto wanaumwa utapiamlo. Jibu jepesi la wakati ule, na la sasa pia, ni kwamba akina mama hawana elimu ya lishe, wafundishwe. Swantz na wenzake wakaenda kutafuta kwenye familia zenyewe, wakakuta mambo ya kihamba, lile shamba la ukoo, kugawanywa mpaka kimekuwa kidogo, hela ya kahawa kuingia mkononi mwa baba, mama anabeba kazi zote na maamuzi hana, ndoa zilizovunjika, mama aliyebaki bila ndugu wa kumshika mkono. Huwezi kuyaona hayo kama hujui ndoa ya Kichaga inavyokwenda na nani anamdai nani nini. Mpaka leo nikiona mradi wa lishe umeandika kwamba tatizo ni uelewa mdogo wa jamii huwa nauliza, mmejuaje?

Alafu ukaja mradi wa Jipemoyo. Kuanzia 1975, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ikishirikiana na Akademi ya Finland, watafiti wa Kitanzania na wa Kifini wakaingia magharibi mwa Bagamoyo, Lugoba, Msoga, maeneo ya Wakwere na ya wafugaji Waparakuyo. Upande wa wizara alikuwepo Odhiambo Anacleti, Ulla Vuorela akakaa na wanawake wa Msoga, Peter Rigby na Kemal Mustafa wakawa na wafugaji. Wengine walishughulika na muziki. Uzuri wa ule mradi ni kwamba utamaduni na maendeleo viliwekwa kwenye sentensi moja rasmi, na hela za utafiti juu yake. Na kumbuka ni miaka ya vijiji vya ujamaa, 1973 mpaka 1976 watu wanahamishwa nchi nzima, Mparakuyo anaambiwa akae sehemu moja wakati ng'ombe wake wanafuata maji na majani. Afisa anasema huyu mkaidi, hataki maendeleo. Mtafiti aliyekaa nao anajua kwamba kuhamahama ndo ujuzi wenyewe wa kufuga kwenye nchi kavu. Mabishano hayo hayajaisha, nenda Kilosa, nenda Rufiji, utayakuta yaleyale.

Sasa nije kwangu. Nilisoma sosholojia, nikapata alama za kubakizwa chuoni kufundisha, maana bila GPA ya 3.8 hapo haupiti, nikawa mkufunzi msaidizi, baada ya uzamili mhadhiri msaidizi, baada ya udaktari ndo mhadhiri. Ukiwa mdogo kazi yako ni semina za DS, makundi kwa makundi kuanzia asubuhi, na kusahihisha. Kusahihisha DS ni kazi ya kuchosha macho jamani, vitabu vya majibu vinafungwa kwa kamba vinaletwa kwenye maboksi na wote wameandika modanaizesheni, ile nadharia ya kufuata njia ya Magharibi, ilishindwa Afrika. Ila hapo ndo nilijifunza kuuliza vizuri. Niliacha kuuliza eleza nadharia fulani, nikawa nauliza nyumbani kwenu nani anaamua ng'ombe auzwe, na kwanini. Mtoto wa Bukoba na mtoto wa Mtwara wakianza kujibu hilo darasa linaamka, na nadharia zinakuja zenyewe nyuma yake.

Utafiti wangu wa udaktari nikauweka Kisarawe, wilaya ya Wazaramo jirani na Dar. Kwa asiyejua, kwenda fildi hapa kwetu kunaanza na barua. Barua ya chuo inaenda kwa katibu tawala wa mkoa, ya mkoa inaenda wilayani, wilaya inakupeleka kwa mkurugenzi wa halmashauri, mkurugenzi kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kata kwa mtendaji wa kijiji, na wa kijiji anakupeleka kwa mwenyekiti, kila mtu anagonga muhuri. Ukifika kwa watu unaotaka kuongea nao una mihuri mingi na wao muhuri hawana, na hata kabla hujafungua mdomo wameshajua uko upande wa nani. Hilo mtu asidharau. Mimi ni mtoto wa kule kwa upande wa mama, nimechezwa unyago kule, na bado nilichukua muda mrefu kabla watu hawajaacha kuniongelesha lugha ya mikutano.

Nilikuwa nafuatilia mradi wa kisima kwenye kijiji kimoja. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka jamii imiliki mradi wake, ichangie, iuendeshe, na wanawake wawemo kwenye kamati. Wapo. Mweka hazina ni mama mmoja mtulivu. Kwenye mkutano wanaume wamekaa kwenye mabenchi chini ya mwembe, wanawake kwenye mikeka pembeni, mwenyekiti anasoma, mweka hazina anaulizwa anajibu kwa sauti ya chini ndiyo, hela bado hazijakamilika, kimya. Ripoti ya mshauri mwelekezi aliyepita pale kabla yangu imeandika ushiriki wa wanawake bado ni hafifu, wapewe mafunzo ya kujiamini.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na ngoma ya kumtoa mwali. Nikaenda asubuhi kwa kungwi, anayewafunda wali, bibi wa makamo ya juu, mwembamba, kajifunga khanga kiunoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Na leo umekuja na makaratasi?"

"Hapana bibi, leo sina."

"Basi kaa hapo uchambue mchele, hapa hakai mtu bure."

Nikakaa nikachambua. Na huku nachambua naangalia. Pembeni yake ana makopo matatu ya maziwa, ndani yana punje za mahindi. Anakuja mtoto na pishi ya mchele kutoka nyumba fulani, bibi hamuulizi kitu, anatoa punje kopo hili anaweka lile. Anakuja mwingine na kuku na elfu tano imekunjwa kwenye kitambaa, punje zinahama. Baadaye nikaelewa kopo moja ni kaya ambazo bado, moja waliotoa, na la tatu ni wale wenye deni la ngoma ya mwaka uliopita, wao wanatakiwa walete zaidi. Kijiji kizima alikuwa nacho pale miguuni. Anajua nani atapika, nani atakesha, nani ana msiba asidaiwe, ngoma wanakodi kwa nani na kwa shilingi ngapi. Na jioni wale wa kopo la tatu ambao hawakuleta waliimbwa. Hawakutajwa majina, ila kila mtu alijua, mmoja alinyanyuka akaenda kwake akarudi na kuku wawili na watu wakapiga vigelegele.

Na msaidizi wake mkuu, aliyekuwa anatuma watu huku na huku na sauti inasikika mpaka barabarani, ni yule mweka hazina wa maji.

Mi sikuhitaji nadharia nyingine baada ya pale. Kuna taasisi hapo, ina bajeti, ina kumbukumbu, ina adhabu, ina huruma, inaongozwa na wanawake na imekuwepo kabla ya kijiji kuandikishwa. Mradi wa maji ulivyokuja ulipita pembeni yake kabisa ukaenda kuunda kamati mpya kutoka kwenye mwongozo. Nani hajiamini hapo?

Tulivyorudisha matokeo kwenye baraza niliyasema haya waziwazi. Yakawa mabishano makubwa. Akina mama kadhaa wakasema mchango wa maji ukusanywe kwa makundi yao ya ngoma maana huko kila mtu anajulikana, mwenyekiti hakufurahi, aliona anaporwa madaraka. Na bibi mwenyewe akakataa. Akasema ngoma ni ngoma, maji ni ya serikali, mkivichanganya siku mweka hazina wenu akila hela itasemwa unyago umekula hela. Nikiwa mtafiti nilitamani akubali, lakini hoja yake ilikuwa na uzito na iliheshimiwa. Mwishowe makundi mawili yalianza kukusanya kivyao na mengine yakaendelea na utaratibu wa kamati. Yale mawili yalifanya vizuri, kwa muda niliokuwepo. Sio hadithi ya mafanikio ya kuweka kwenye jalada la ripoti na siiuzi hivyo.

Kuna suala la karatasi pia. Kamati za maadili zinataka kila unayemhoji asaini fomu ya ridhaa. Ni kitu kizuri, kimetokana na mabaya yaliyofanywa na watafiti duniani. Lakini Kisarawe ni wilaya ambayo miaka ya mwisho ya 2000 kampuni ya kulima mibono ya mafuta ya magari ilipewa hekta elfu nane na ushee zilizokuwa za vijiji 11, ahadi ni visima, zahanati, ajira, na 2011 mradi ukafa, watu wanalalamika hawafiki kwenye maji wala kwenye makaburi ya wazee wao. Mtu wa kule ukimwekea karatasi ya kusaini anaona shamba linaondoka. Wazee walikuwa wananiambia tutakueleza yote ila hapo hatuweki dole gumba. Nikaomba ruhusa ya ridhaa ya mdomo, mbele ya mashahidi wawili aliowachagua mwenyewe anayehojiwa. Ilichukua muda kukubaliwa lakini ilikubaliwa, na sasa wanafunzi wangu wote wanaoenda maeneo kama yale nawaambia waombe hiyo.

Hayo makaburi ndo mfano mwingine wa swali la mwanzo. Kwenye hesabu ya fidia kaburi lina bei na mti una bei. Lakini kwa Mzaramo mahali alipolala babu ndipo unapoenda kutambika mvua ikigoma au mtoto akiugua ugonjwa usioeleweka, ni hapo ukoo unakutana na kusuluhishana. Ukifunga njia ya kwenda pale umefunga mahakama na umefunga hospitali, sio eneo la mita kadhaa. Mtathmini hana safu ya kuandika hilo kwenye fomu yake, na sisi wa DS tulitakiwa tuwe tumemwekea hiyo safu siku nyingi.

Niseme na kuhusu nisivyoandika, maana wanafunzi wa kike huwa wananiuliza sana. Niliyofundishwa ndani nikiwa mwali nilifundishwa kama mwali, sikuwa mtafiti. Hayo hayapo kwenye tasnifu yangu na hayatakuwepo. Ninaandika jinsi kazi inavyopangwa, nani ana sauti, michango inavyokwenda, mabadiliko, kwamba siku hizi ngoma zinasubiri likizo ya shule, kwamba zamani mwali alikaa ndani miezi na sasa ni wiki, kwamba makungwi wengine wamekubali kufundisha kuhusu ukimwi na kubaki shule, na kwamba kuna nyimbo na mafunzo ambayo mtoto wa miaka 11 hatakiwi kupewa na hilo nalisema hadharani hata kwa makungwi wenyewe. Kuutetea utamaduni hakunilazimishi kunyamaza. Ila nyimbo za siri siuzi, hata jarida liwe kubwa kiasi gani.

Tatizo kubwa la kazi hii kwa sasa, kwa maoni yangu, ni muda kununuliwa. Baada ya mkataba na IMF 1986 mishahara ya vyuoni ilikuwa imeshuka thamani vibaya, walimu wetu walifuga kuku, waliendesha teksi, na wafadhili walivyokuja na kazi za ushauri ilikuwa ni riziki. Siwalaumu hata kidogo, walisomesha watoto. Lakini mazoea yamebaki. Mfadhili anakuja na swali lake tayari na jibu karibu tayari, unapewa wiki tatu, siku chache fildi, vikundi vya majadiliano vya watu kumi kumi, soda, posho, ripoti kwa Kiingereza, semina hotelini. Utafiti shirikishi ule uliozaliwa hapa kwa watu kukaa kijijini umekuwa mchoro wa ramani ya kijiji kwenye karatasi kubwa asubuhi na saa saba watu wameondoka. Inaniumiza sana hii, kwasababu jina ni lilelile.

Na kupanda cheo nako kunasukuma kulekule. Pepa kwenye jarida la nje lina pointi. Kitabu kidogo cha Kiswahili ulichowaandikia watu waliokupa hayo maarifa, kwenye fomu karibu hakihesabiki, na siku tatu za baraza kijijini hazina hata pa kuandikwa. Kijana mwenye akili ataenda kwenye pointi, atafanyaje. Mi nimewahi kulisema hili kwenye vikao na nitaendelea kulisema mpaka nistaafu, kwamba kurudisha matokeo kwa Kiswahili kwa waliohojiwa iwe ni sharti la kupandishwa cheo kwa kila anayetafiti watu, na iwe na pointi nzuri. Haihitaji mfadhili hiyo, inahitaji uamuzi wa seneti.

Mfano tunao, na ni wa nyumbani. Miaka ya 1982 na 1983 Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa sanaa za maonyesho pale Mlimani walienda Malya, Mwanza, wakakaa na vijana na wazee, wakafanya utafiti pamoja nao, na matokeo yakatoka kwa ngoma na michezo ya kuigiza iliyochezwa na wanakijiji wenyewe mbele ya wanakijiji wenzao, alafu mjadala hapohapo, mimba za wasichana, vijana kukosa kazi, nani anahusika. Baadaye wakafanya hivyo na Msoga, kijiji kilekile cha Jipemoyo. Pale hakuna aliyehitaji kusoma Kiingereza ili ajue utafiti umesema nini kuhusu yeye, na kama umekosea alinyanyuka akasema. Hata RIPS, ule mradi wa Wafini kule Mtwara na Lindi ambao Swantz naye alihusika nao, ulipofika miaka ya 90 wavuvi walikuwa wanajadili wenyewe uvuvi wa baruti na kuwapelekea viongozi hoja zao. Inawezekana. Tumeshafanya.

Kwa vijana mnaotaka kuingia kazi hii, nasema njooni. Someni uchumi vizuri, msiukimbie, maana mtu wa utamaduni asiyejua kusoma bajeti ya halmashauri anapigwa chenga mchana kweupe. Jifunzeni lugha moja zaidi ya Kiswahili na Kiingereza, ya mahali mnapotafiti, hata kama ni ya kuelewa nyimbo tu. Na tafuteni kwanza kilichoandikwa hapa, ripoti za BRALUP na za Jipemoyo zipo maktaba, zimepigwa taipu kwenye karatasi za njano, na mnaacha kuzisoma mnakimbilia pepa ya mwaka jana iliyoandikwa na mtu aliyezisoma.

Mimi mwaka huu napeleka Kisarawe kijitabu cha matokeo yetu, kwa Kiswahili, herufi kubwa kwa ajili ya wazee. Wanafunzi wa mwaka wa tatu watakisoma barazani sura kwa sura, na makungwi wamesharidhia sura yao isomwe wakiwepo wanawake tu. Mweka hazina wa maji ndo kaombwa na wenzake aongoze mjadala. Pesa ya usafiri nimepata nusu, nusu nyingine naendelea kuitafuta.